Darasa Nyuma ya Duka: Haki za Kiraia na Elimu ya Watu Wazima Kusini mwa Marekani

Elimu ya watu wazima weusi kusini mwa Marekani ilianza ikiwa kosa la jinai. Mwaka 1740, muda usiotimia mwaka baada ya watumwa kuasi kando ya mto Stono, koloni la South Carolina lilitunga sheria iliyomtoza faini ya pauni 100 yeyote aliyemfundisha mtumwa kuandika au kumtumia kama karani. Kusoma hakukuguswa, kwa kuwa baadhi ya mabwana walipenda watumwa wao waisome Biblia. Kalamu ndiyo iliyoogopwa, maana aliyeijua aliweza kujiandikia kibali cha kusafiri. Mwaka 1834 upenyo huo nao ukazibwa. Tangu hapo mzungu aliyemfundisha mtumwa kusoma au kuandika alikabiliwa na faini na kifungo, na mtu mweusi, awe huru au mtumwa, alikabiliwa na viboko hadi 50.

Mwishoni mwa 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeshika kasi, majeshi ya Kaskazini yaliteka Port Royal kwenye visiwa vya pwani ya jimbo hilo. Wenye mashamba walikimbia wakawaacha watumwa wao. Mwaka uliofuata Laura Towne na Ellen Murray walianzisha shule ya Penn katika kisiwa cha St. Helena, na waliomiminika hawakuwa watoto peke yao: watu wa makamo na wazee nao walitaka kujua kilichofichwa katika maandishi waliyokatazwa kwa muda mrefu.

Katiba ya jimbo ya mwaka 1868 iliwapa wanaume weusi haki ya kupiga kura. Katiba ya 1895, iliyoshinikizwa na mwanasiasa Ben Tillman, iliwapokonya haki hiyo kwa vifungu vya kura visivyotaja rangi ya mtu hata mara moja. Ilimtaka anayejiandikisha asome na kuandika kifungu chochote cha katiba hiyo, au aonyeshe kwamba anamiliki na kulipia kodi mali yenye thamani ya dola 300 au zaidi. Msajili ndiye aliyetoa kifungu, na ndiye aliyeamua kama kimesomwa sawasawa. Kwa hiyo kusoma, ambako kabla ya vita kulikatazwa kwa sheria, sasa kulidaiwa kwa sheria, na watu waliozuiwa katika zama zote mbili walikuwa wale wale.

Jimbo halikukosa mpango wa kisomo. Kuanzia 1919 Wil Lou Gray aliongoza elimu ya watu wazima South Carolina kwa miongo kadhaa, akafungua shule za usiku na madarasa ya msimu ambao kazi za shamba hupungua. Gray aliwatangulia wengi wa kizazi chake kwa kusisitiza kwamba weusi nao wafundishwe. Hata hivyo, madarasa yalitenganishwa kwa rangi, na mafunzo yenyewe yalihusu kusoma, hesabu, usafi na uwekaji akiba. Mtu mweusi aliweza kumaliza kozi hiyo kwa sifa zote bila kusikia lolote kuhusu sanduku la kura. Kasoro hiyo haikuwa siri, lakini ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya darasa la namna nyingine kupatikana.

Darasa hilo lilizaliwa katika kisiwa cha Johns Island, karibu na jiji la Charleston. Wakazi wengi wa visiwa vya pwani hiyo walikuwa Wagullah, wazao wa Waafrika walioletwa kulima mpunga, pamba na nili. Kwa kuishi mbali na bara waliendeleza lugha yao iliyochanganya Kiingereza na lugha za Afrika Magharibi. Walimu wa mjini waliiona lugha hiyo kuwa Kiingereza kibovu hadi mwaka 1949, mwanaisimu mweusi Lorenzo Dow Turner alipochapisha utafiti uliothibitisha asili yake ya Kiafrika kwa maelfu ya maneno na majina. Mtoto wa kisiwani aliingia shuleni akaambiwa kwamba hajui kuzungumza, na wengi walitoka mapema kwenda shambani.

Septima Poinsette Clark aliwafahamu watu hao tangu ujana wake. Alizaliwa Charleston mwaka 1898, binti wa baba aliyezaliwa utumwani na mama aliyelelewa Haiti. Alipohitimu shule ya Avery mwaka 1916 hakuweza kupata kazi jijini, kwa sababu Charleston haikuajiri walimu weusi katika shule za serikali, hata zile za watoto weusi. Akapelekwa Johns Island, katika shule ya Promise Land, ambako yeye na mwenzake mmoja waligawana wanafunzi 132. Shule ya wazungu ya jirani ilikuwa na wanafunzi watatu. Vitabu havikuwepo vya kutosha, basi Clark aliandika hadithi za wanafunzi wenyewe, za mazingira yao na mambo waliyoyaona kila siku, kwenye mifuko ya karatasi ya dobi. Jioni walikuja watu wazima. Baadhi yao walikuwa wanachama wa vyama vya kusaidiana na walitaka kuweza kusimama na kutoa hotuba mbele ya wenzao. Mbinu ya kuanzia na haja ya msomaji, ambayo baadaye ingepewa majina makubwa katika vitabu vya ualimu, Clark aliipata hapo kwa kukosa vifaa.

Mafunzo yake ya kisiasa yalikwenda sambamba na ya ualimu. Mwaka 1919 alijiunga na NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, akazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi za kudai walimu weusi waajiriwe Charleston, na mwaka 1920 sheria ikabadilishwa. Akiwa Columbia, mji mkuu wa jimbo, alishiriki mpango wa Gray wa kuwafundisha askari weusi wa kambi ya Camp Jackson kutia sahihi kwenye hati za mshahara na kusoma njia za mabasi. Katikati ya miaka ya 1940 alishiriki kampeni ya mahakamani ya kudai walimu weusi walipwe sawa na wazungu. Jaji J. Waties Waring aliwapa ushindi mwaka 1945, lakini jimbo likaleta mtihani wa kitaifa wa walimu kuwa kipimo cha mishahara. Clark aliufanya akafaulu. Hata hivyo mtindo ulikuwa umeshajirudia: kila mlango uliofunguliwa na mahakama ulipata bawabu mpya aliyeitwa mtihani.

Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitangaza kwamba kutenganisha shule kwa rangi kunavunja katiba ya nchi. South Carolina ilijibu kwa kuwapiga marufuku watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP. Clark alikataa kujiuzulu uanachama. Aliwaandikia barua zaidi ya walimu weusi 700 akiwaomba wapinge pamoja naye, na waliojibu walikuwa 26 tu. Mwaka 1956 alifukuzwa kazi akiwa na miaka 58 na karibu miaka 40 ya ualimu, na pensheni yake ikapotea. Hofu ya wenzake inaeleweka. Mwalimu mweusi alikuwa na mshahara wa serikali, na mshahara wa serikali ulikuwa kamba ambayo jimbo lingeweza kuivuta wakati wowote. Jambo hili liliamua baadaye nani angefaa kufundisha madarasa ya uraia, na mwalimu aliyesomea ualimu hakuwa chaguo la kwanza.

Aliyempokea Clark ni Myles Horton, mkurugenzi wa Highlander Folk School huko Monteagle, milimani Tennessee. Horton alikuwa mzungu maskini wa Tennessee aliyesoma teolojia New York kwa Reinhold Niebuhr, kisha akasafiri hadi Denmark kutazama shule za watu wazima wa vijijini, ambako wakulima waliishi pamoja na kujadiliana bila mitihani wala vyeti. Mwaka 1932 yeye na Don West walianzisha shule kwa mfano huo. Kwa miaka ya mwanzo iliwafunza wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Katika miaka ya 1940 ilianza kuwalaza na kuwalisha weusi na wazungu pamoja, jambo ambalo sheria za Tennessee na desturi za Kusini nzima zilikataza. Kwa wageni wengi mafunzo makubwa zaidi ya Highlander yalikuwa hayo ya mezani, kabla mtu hajafungua mdomo darasani.

Uhusiano wa Clark na Highlander ulianza kabla hajafukuzwa kazi. Katika kiangazi cha 1955 Rosa Parks, mshonaji na katibu wa tawi la NAACP la Montgomery, alihudhuria warsha ya Highlander iliyoongozwa na Clark. Desemba mwaka huo alikataa kumpisha mzungu kiti cha basi. Simulizi zinazomwonyesha Parks kama mama aliyechoka kazi tu zinaisahau warsha hiyo, pamoja na miaka yake mingi ya uanaharakati.

Mwaka mmoja kabla ya Parks, Clark alikuwa amemleta Highlander mtu wa Johns Island aliyeitwa Esau Jenkins. Jenkins alizaliwa mwaka 1910 na kuishia darasa la nne. Alikuwa mkulima na mfanyabiashara, akajifunza Kigiriki ili aelewane na wafanyabiashara Wagiriki wa Charleston waliomnunulia mboga. Alimiliki basi lililowapeleka watu wa kisiwani kazini mjini na kuwarudisha, na ndani ya basi hilo alianza kuwafundisha abiria vifungu vya katiba ya jimbo. Abiria mmoja, Alice Wine, alikariri kifungu kizima bila kujua kusoma hata neno moja, akaenda mbele ya msajili akafaulu. Wine hakuridhika. Alitaka kuyajua yale maneno kwa macho yake, na Jenkins akapeleka ombi hilo Highlander: kisiwa kinahitaji shule ya watu wazima.

Horton na Clark walianza kwa kuuliza kwa nini mipango ya awali ya kisomo ilikuwa imeshindwa kisiwani. Jibu lilikuwa la aibu kwa waandaaji. Watu wenye wajukuu walikuwa wamekalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, wakapewa vitabu vya shule ya chekechea, na watoto walikuwa wakiwacheka. Hakuna aliyekataa elimu; walikataa kudhalilishwa. Kwa hiyo shule mpya ilihitaji mahali pasipofanana na shule na mwalimu asiyefanana na mwalimu.

Mahali palipatikana kwa mkopo wa Highlander. Klabu ya Jenkins, Progressive Club, ilinunua jengo kuukuu la shule ikafanya sehemu ya mbele duka la ushirika. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma kisicho na madirisha, ili mzungu anayepita aone watu wakinunua sukari na sabuni. Mwalimu alikuwa Bernice Robinson, ndugu wa Clark, msusi na mshonaji wa Charleston. Alikataa mwanzoni, akisema hajawahi kufundisha. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa. Ya pili ni kwamba wateja wake wa saluni walikuwa wanawake weusi, basi hakuna mzungu ambaye angeweza kumfukuza kazi.

Januari 1957 Robinson aliingia darasani na kukuta wanakisomo 14. Alikuja na vitabu vya shule ya msingi alivyoazima, lakini alipowatazama watu waliokuwa mbele yake akaviweka kando siku hiyo hiyo. Aliwaeleza kwamba yeye si mwalimu na kwamba watajifunza pamoja, kisha akawauliza wanataka kujua nini. Walitaka kuandika majina yao badala ya kuweka alama ya msalaba. Walitaka kuisoma Biblia kanisani, kujaza fomu za kuagiza bidhaa kutoka kwenye katalogi, kutuma pesa kwa posta, na kusoma barua za watoto waliohamia kaskazini bila kumpa jirani siri za nyumbani. Kura ilikuwemo, ila haikutangulia. Robinson alifuata mpangilio wao. Aliandika majina kwenye vipande vya kadibodi, na mwanakisomo akapitisha kidole au kalamu juu ya herufi hadi mkono uzizoee. Hesabu zilihusu mbolea, uzio na mafuta ya gari. Ukutani alibandika Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, akawaambia kwamba ifikapo mwisho wa kozi anataka kila mmoja aweze kulisoma. Lugha yake si nyepesi hata kwa mhitimu wa sekondari, na huenda ndiyo sababu lilifaa: mtu aliyewahi kupewa kitabu cha picha za paka alitambua kwamba safari hii amechukuliwa kuwa mtu mzima.

Darasa lilikutana jioni mbili kwa wiki wakati wa baridi, shamba linapolala. Kozi ilipokwisha wanakisomo walikwenda kujiandikisha, na wengi wao walirudi na kadi za kupigia kura. Habari zilivuka maji. Kufikia 1959 kulikuwa na madarasa Wadmalaw, alikofundisha Ethel Grimball, binti wa Jenkins; Edisto, alikofundisha Alleen Brewer; na North Charleston, ambako Mary Lee Davis alifungua darasa ndani ya saluni yake. Mwanamuziki Guy Carawan wa Highlander aliyeishi kisiwani wakati huo alirekodi nyimbo za kale za Kigullah na kuzirudisha darasani. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kwa watu waliokuwa wameambiwa tangu utotoni kwamba lugha yao ni ugonjwa unaopaswa kutibiwa na shule.

Mafanikio hayo yalivuta macho ya serikali. Mwaka 1957, Highlander ilipoadhimisha miaka 25, Martin Luther King alihutubia huku mpelelezi wa jimbo la Georgia akipiga picha. Moja ya picha hizo ilibandikwa kwenye mabango makubwa barabarani Kusini kote ikidai kwamba King alikuwa katika shule ya mafunzo ya kikomunisti. Julai 1959 polisi walivamia Highlander wakamkamata Clark, mwanamke asiyekunywa pombe, kwa tuhuma za kumiliki wiski. Mashtaka dhidi yake yalifutwa, lakini kesi dhidi ya shule iliendelea hadi hati yake ya usajili ikafutwa, na mwaka 1961 mali zake zikapigwa mnada. Horton alikuwa ameshaandikisha taasisi mpya mjini Knoxville kwa jina la Highlander Research and Education Center.

Kabla mnada haujafika, madarasa ya visiwani, yaliyoitwa madarasa ya uraia, yalihamishiwa mikono mingine. Mwaka 1961 shirika la King, SCLC, liliyapokea kwa fedha za mfuko wa Field zilizopitia kanisa la United Church of Christ. Andrew Young alisimamia fedha, Dorothy Cotton akaongoza mafunzo pamoja na Clark. Makao yalikuwa Dorchester, huko McIntosh, Georgia, katika majengo ya shule iliyoanzishwa na wamishonari kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kila mwezi watu kadhaa waliletwa kwa mabasi kutoka majimbo mbalimbali kwa siku tano: wakulima, wasusi, wapishi, wachungaji, mama wa nyumbani. Mafunzo yalifunguliwa kwa swali la raia ni nani, na mjadala wake uliweza kumaliza asubuhi nzima. Kisha yalifuata uandikaji wa hundi, ujazaji wa fomu za usajili, sheria za uchaguzi za kila jimbo, na namna ya kumfundisha mwingine. Mhitimu alirudi kwao akafungua darasa kanisani, jikoni au chini ya mti, akilipwa posho ndogo.

Mpango huo ulitegemea wanawake kuanzia juu hadi chini, lakini uongozi wa SCLC ulikuwa wa wachungaji wanaume. Clark alieleza baadaye kwamba Ralph Abernathy alikuwa akiuliza mara kwa mara kwa nini yeye yumo katika halmashauri kuu, na kwamba hoja zake vikaoni hazikusikilizwa. Wanaume hao walipigania usawa wa rangi kwa ujasiri usio na shaka, lakini usawa wa mwanamke mezani pao haukuwagusa. Clark aliandika kwamba kati ya 1957 na 1970 madarasa 897 yalianzishwa, mengi yakiongozwa na wanawake ambao majina yao hayamo katika vitabu vya historia.

Katika jimbo la Mississippi kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana kwenda kujiandikisha kuliweza kugharimu nyumba, kazi au maisha. Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba, alifika mbele ya msajili wa Indianola Agosti 1962. Siku hiyo hiyo alifukuzwa kwenye shamba alikokuwa amefanya kazi kwa miaka 18. Alifaulu mtihani mwanzoni mwa 1963 na kuwa mfunzi wa uraia. Juni mwaka huo, akitoka mafunzoni South Carolina pamoja na Annell Ponder wa SCLC na wengine, walikamatwa kituo cha basi cha Winona na kupigwa vibaya gerezani. Hamer alipata madhara ya figo na jicho yaliyomfuata hadi kaburini.

Mississippi pia ndiko alikofanya kazi Robert Moses, mwalimu wa hisabati kutoka New York aliyeongoza kampeni ya usajili ya vijana wa shirika la SNCC na kusimamia kazi za kiangazi cha 1964, wakati shule za uhuru zilipofunguliwa kwa watoto na watu wazima. Baadaye, akipinga vita vya Vietnam, aliondoka Marekani. Kuanzia 1969 hadi 1976 yeye na mkewe Janet waliishi Tanzania, ambako Moses alifundisha hisabati Same, mkoani Kilimanjaro. Ilikuwa miaka ambayo Tanzania yenyewe iliingia katika kampeni kubwa ya kisomo, baada ya Nyerere kutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Aliporudi Marekani alianzisha mpango wa kufundisha aljebra kwa watoto wa maskini, akishikilia kwamba katika uchumi mpya hisabati ni haki ya kiraia kama kura ilivyokuwa katika miaka ya 1960.

Tarehe 6 Agosti 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyosimamisha mitihani ya kusoma katika majimbo mengi ya Kusini. Marufuku hiyo ilienezwa nchi nzima mwaka 1970 na kufanywa ya kudumu mwaka 1975. Mississippi, ambako asilimia 6.7 ya watu wazima weusi ndio waliokuwa wameandikishwa kabla ya sheria, ilifika asilimia 59.8 mwaka 1967. Ushindi huo ulikuja na jambo ambalo wachache walilitarajia. Mtu sasa aliweza kupiga kura bila kujua kusoma, na nguvu iliyokuwa imewavuta watu kwenye vyumba vya nyuma vya maduka ikapungua. Clark alistaafu SCLC mwaka 1970, na madarasa ya uraia yakafifia.

Nafasi yao ilichukuliwa na serikali kuu. Sheria ya fursa za kiuchumi ya 1964 iliweka fungu la elimu ya msingi kwa watu wazima, na sheria maalumu ya elimu ya watu wazima ikafuata mwaka 1966. Fedha zilikuja nyingi kuliko Highlander ilivyowahi kuota, na kwa sababu Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilikataza ubaguzi katika mpango wowote unaofadhiliwa na serikali kuu, madarasa ya rangi moja yalipoteza uhalali. Lakini fedha zilipitia idara za elimu za majimbo, na lengo lililoandikwa lilikuwa ajira. Mwalimu alihitaji cheti. Msusi kama Robinson hangeweza kuajiriwa.

Cheti chenyewe kikafikishwa mahakamani. Kiwanda cha umeme cha Duke Power huko Dan River, North Carolina, kiliwaweka weusi wote katika idara moja ya kazi za sulubu. Baadaye, siku ile ile Sheria ya Haki za Kiraia ilipoanza kutumika kwa waajiri, Julai 1965, kiliongeza mitihani kwenye sharti la cheti cha sekondari kwa waliotaka kazi bora. Kampuni ilijitetea, pamoja na mengine, kwa kusema kwamba inawalipia wafanyakazi theluthi mbili ya karo ya masomo ya sekondari. Machi 1971 Mahakama ya Juu iliamua bila jaji hata mmoja kupinga kwamba kipimo kinachowaengua weusi bila kuhusiana na kazi yenyewe ni ubaguzi, hata kama nia mbaya haikuthibitishwa. Kwa elimu ya watu wazima uamuzi huo ulikuwa na uzito wa pekee: kumwezesha mtu kusoma hakuhalalishi kizuizi kisicho na maana.

Miaka iliyofuata ilibadilisha sura za waliokaa darasani. Sheria ya 1973 kuhusu watu wenye ulemavu, na ile pana zaidi ya 1990, ziliyalazimisha madarasa yanayofadhiliwa na umma kuwapokea na kuwawekea nyenzo. Mwaka 1975 Bunge la Marekani liliipanua Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ili maeneo yenye wasemaji wengi wa Kihispania, lugha za Asia au lugha za wenyeji asilia yatoe karatasi za kura katika lugha hizo. Kisha mwaka 1986 sheria ya uhamiaji iliwawezesha watu takriban milioni 2.7 kuhalalisha ukaazi wao, na sehemu kubwa yao walitakiwa kuonyesha ujuzi wa Kiingereza na historia ya Marekani au kuthibitisha kwamba wanasomea. Madarasa ya Kiingereza yalifurika. Mtihani wa kusoma, ulioondolewa kwenye daftari la wapigakura, ulikuwa bado umesimama kwenye mlango wa uraia, na bado upo hapo.

Tangu miaka ya 2010 Wakongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopewa makazi Marekani, na wengi wao huongea Kiswahili. Katika madarasa ya Kiingereza ya watu wazima mwalimu hukutana na mama aliyeishi kambini kwa miaka mingi bila kuingia shule akikaa karibu na mwanamume mwenye shahada ya chuo kikuu cha Lubumbashi au Bukavu. Vitabu vilivyotungwa kwa mwanafunzi mmoja wa kufikirika haviwatoshi wote wawili, tatizo ambalo Robinson alilikuta siku yake ya kwanza.

South Carolina ilikiri mwaka 1976 kwamba Clark alifukuzwa kwa dhuluma na ikaanza kumlipa pensheni. Malimbikizo ya mshahara yalifuata mwaka 1981. Wakati huo alikuwa mjumbe aliyechaguliwa wa bodi ya shule ya kaunti ya Charleston, katika eneo ambalo halikutaka kumwajiri mwaka 1916. Alifariki Desemba 1987. Sheria ya serikali kuu inayoongoza elimu ya watu wazima tangu 2014 hupima kila mpango kwa ajira, mishahara na vyeti vya wahitimu. Mafunzo ya haki na wajibu wa raia yanatajwa ndani yake kwa jina katika fungu la wanaojifunza Kiingereza.